Zipu ya Kushoto

Dukani Røros, Gudveig kavua buti,
kajilaza sakafuni ndani ya mfuko,
kifudifudi, kisha chali.
Wateja wanamruka.

"Umeandikwa hasi kumi na tano," asema muuzaji.
"Hiyo namba ya kutokufa. Ya kulala iko wapi?"

Manyoya ya bata mepesi, ila yakilowa
ni uji wa jana.
Wa nailoni mzito, mgongo utanung'unika;
lakini hema la Torleif, babaye, linavuja
na mwenyewe hakubali.

Miguu ipate nafasi, si ukumbi:
hewa tupu nayo hula joto.

Mwisho achukua wenye zipu ya kushoto.
Mzee hulala upande huo.
Kapungua tangu Krismasi.
Usiku mkono utoke, umguse,
urudi.