Itifaki ya Sentensi Moja

Picha ya kwanza niliiandikia: hakuna kitu.
Paja la kushoto, mbele na ubavuni,
mfupa mzima, mweupe kama muhogo uliomenywa,
na kandokando nyama, kijivu kitupu, kimya.
Nikatia sahihi. Holo Lushinge, eksirei, zamu ya asubuhi.

Bwire Mafuru alirudi baada ya siku tisa
akiburuta mguu kupanda mlima wa Bugando.
"Dada, kitu kimo. Usiku nikijigeuza kinanichoma."
Alikuwa utingo wa lori la dagaa,
magunia ya Mwaloni hadi upande wa Kongo,
na huko, kwenye barabara ya vumbi jekundu,
dereva alisimamisha gari akajisaidie, ardhi ikapasuka.
Dereva hakurudi. Dagaa walimwagika, alisema,
kama mvua ya mawe,
halafu wakaja kuku.

Nikapiga tena. Nikaongeza nguvu ya mwali, nikapunguza.
Hakuna kitu.

Chuoni Bi Kokushubira alitusomea,
kipindi cha mwisho Ijumaa, miguu yetu iko mlangoni,
sheria ya mataifa isiyozidi sentensi moja:
ni marufuku silaha ambayo kazi yake kuu
ni kujeruhi kwa vipande
ambavyo mwilini mwa binadamu eksirei haivioni.
"Sentensi moja," akasema, "na ninyi mmo ndani yake."
Tulicheka. Sisi wa kushika filamu gizani,
sisi wa vuta pumzi, ibane, haya pumua,
tumo katika maandishi ya wakubwa wa Jeneva!

Sasa naisoma kama mtu anayehesabu chenji.
Haisemi usiue. Haisemi usimkate mtu mguu.
Inasema ukimjaza mwenzio vyuma
viwe vyuma vya kuonekana, ili Holo avione.
Adabu gani hii? Ya mchinjaji anayefuta kisu?
Na bado, niseme kweli,
ndiyo adabu niliyoililia wiki ile nzima.

Kisha lile neno *kuu*. Kazi yake kuu.
Nyumba yote ina mlango mmoja, na mlango ndio huo.
Anayepakia baruti ndani ya plastiki
atajibu kazi kuu ni mlipuko, plastiki ni chombo tu,
atapita, atainamisha kichwa kidogo, atapita.
Na aliyelifukia lile la Bwire
sidhani kama alibisha hodi.

Daktari Rwegoshora akasema, mpelekeni altrasaundi.
Akalazwa pale wanapolazwa wajawazito,
chini ya bango la mama anayenyonyesha,
akapakwa ute wa baridi pajani, akaona haya.
Mwanamke wa miezi minane, kwenye benchi, akamuuliza,
"Wako wa ngapi huyo?"
Wakacheka wote, hata yeye, huku ameng'ang'ania godoro.
Na hapo, sentimita tatu chini ya ngozi,
kitu chenye kona,
na nyuma yake kivuli.

Kilitolewa Alhamisi. Kipande cha dumu la njano,
ukubwa wa ukucha wa dole gumba,
na juu yake tarakimu: mbili, na nusu ya sifuri.
Dumu la lita ishirini. Ndugu wa yale ya Mabatini
yanayopanga foleni bombani kabla wenyewe hawajaamka,
kila moja na jiwe lake juu lisipeperuke.

Bwire akakiomba. Nesi akakiosha,
akamtilia kwenye kiberiti kitupu.
Akakitikisa sikioni.
"Kumbe kinaongea," akasema, "ila hakipigiki picha."

Jioni nikalitafuta jalada lake.
Nikakata maneno mawili kwa mstari mmoja tu,
kama kanuni inavyotaka, ya zamani yasomeke chini ya mstari,
na juu yake, kwa kalamu nyekundu kwa kuwa ya bluu iliisha,
nikaandika: hakionekani.
Tarehe. Sahihi.
Taa ya giza nikaiacha inawaka.