Dakika Kumi na Tano Hadi Vadsø

Miaka kumi na tisa nimekaa kaunta ya Kirkenes
nikijibu swali moja: Ni mbali?
Aliuliza fundi wa bomba, theluji ikimyeyukia kolani.
Aliuliza mwanafunzi aliyebeba fidla kama mtoto mgonjwa.
Aliuliza bibi mwenye paka kikapuni,
paka akilia kana kwamba yeye ndiye aliyelipa nauli.

Nami jibu nilikuwa nalo mdomoni kama pipi:
kwa ndege, kilomita arobaini kasoro,
dakika kumi na tano, upepo ukiwa na adabu.
Kwa gari, mia moja sabini na kitu,
maana barabara haina mbawa,
inalizunguka hori zima la Varanger,
inakwenda mpaka pale maji yanapokoma
ndipo igeuke, ianze kurudi ng'ambo, ikihema.

Sikumwambia mtu kwamba ng'ambo hiyo yupo mama.

Tulikosana siku tuliyomzika baba,
tena kwa sababu ya friza.
Friza! Ya kulala, mlango wake umeshika kutu,
imejaa nyama ya kulungu wa kaskazini na samaki wa mwaka juzi.
Mimi nilisema neno. Mama naye akasema lake.
Kaka yangu Ansgar akaendelea kumimina kahawa
hata kikombe kikafurika, kikalowesha kitambaa,
na hakuna aliyekwenda kuchukua dekio.

Miaka sita.
Kila siku ndege iliruka mbele ya dirisha langu,
nikaihesabia mizigo, nikaifungia mlango,
nikaangalia taa yake ya mkiani
ikimezwa na upande ule.
Miaka sita haimo kwenye ratiba.
Nimeitafuta.

Desemba, jua likiwa limetuaga tangu mwezi uliopita,
Ansgar akapiga simu. Hakusalimu.
"Jana amemwita muuguzi Jorunn," akasema.
"Mara mbili."

Nikajikatia tiketi mwenyewe, kwenye mashine yangu mwenyewe.
Mkobani nikatia chupa ya jemu,
ya matunda ya manjano ya kinamasini,
ya mwisho aliyoniletea kabla ya friza,
sijawahi kuifungua.
Tormod wa ukaguzi akaiinua kwenye mwanga.
"Jorunn, wewe unaijua sheria kuliko mimi."
Naijua. Nimewasomea watu elfu.
Akaiweka chini ya meza yake, si kwenye pipa,
akaigeuza lebo ielekee ukutani.

Tulikuwa abiria saba.
Mhudumu hakugawa hata maji: ni lini angegawa, akusanye lini?
Taa ya mikanda haikuzimika.
Dakika ya tatu, masikio yakaziba.
Ya sita, chini kulikuwa na mashua moja ya kaa,
imejiwashia taa zote kama duka lisilo na wateja.
Nilikuwa nimepanga maneno.
Nilikuwa na mwanzo mzuri, wenye "samahani" katikati
ili isionekane sana.
Dakika ya tisa rubani akaanza kushuka
nami bado nilikuwa kwenye sentensi ya pili.
Nilitamani upepo ukose adabu.
Nilitamani tuzungushwe kidogo juu ya maji,
kama barabara, mpaka kwenye kisogo cha hori, kisha turudi.
Magurudumu yakagusa.
Kumi na nne, kwa saa yangu.

Chumba chake kilinuka sabuni na soksi za sufu.
Alikuwa macho, mdogo kuliko sauti yake.
Akaniangalia buti, kisha koti, kisha uso,
kama mtu anayekagua kitambulisho.
"Umekuja kwa gari?"
"Kwa ndege, mama."
"Basi hujachoka," akasema,
akaivuta miguu yake pembeni chini ya blanketi,
polepole, mmoja, kisha wa pili,
pakapatikana nafasi ya kukaa.