Kidirisha cha Yakuti

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba.
Hawakufika Sendai, chumba cha chini ya ngazi,
ambako Kuwabara Tomoe, soksi mbili kwa baridi,
anayapasha hadi nyuzi mia tatu themanini
na kuyabana yasipate pa kuchemkia.

Ule mstari mwembamba kati ya maji na mvuke
hutetemeka kidogo, kisha hauko,
kama mtu aliyetoka bila kuaga.
Ndipo anapoingiza hewa ya ukaa,
na hao wawili waliokwepana miaka yote
walala shuka moja.

Ni mkali kiasi gani mchanganyiko huo?
Karatasi ya litmasi ingeungua kabla ya kujibu.
Kijiti cha kioo kingepasuka.
Ulimi ndio kipimo cha kwanza,
na hapa haufai kitu.

Kwa hiyo anatuma mpelelezi: akridini, chembe tu,
rangi isiyojua kutunza siri.
Ikionja asidi huiva manjano.
Mwanga unaingia kwa kidirisha cha yakuti samawi,
kipana kama kifungo cha shati,
unatokea upande wa pili na habari.

Mwezi Machi bomba lilitoboka.
Chuma cha pua, kimeliwa kwa ndani
kama muhogo uliopitiwa na fuko.
Profesa Shirahata alikinyooshea kidole chungu:
"Joto likizidi, ukali nao huzidi."
Tomoe hakubisha. Alipima.

Mia tatu themanini: manjano imefifia.
Akarudia.
Akailaumu taa, akabadilisha taa, akarudia.
Saa nane za usiku akaanza kuteremka,
mia tatu sitini, mia tatu thelathini,
mia tatu,
na manjano ikajaa kama kiini cha yai.

Kule juu maji yametawanyika mno,
hayana mikono ya kutosha.
Asidi ikivunjika, nani atapokea vipande?
Basi hujikunyata, hubaki nzima.
Ni huku chini, maji yangali yamekumbatiana,
ndiko inakovunjika na kuuma.

Mwizi hayumo chumbani. Yumo koridoni,
kwenye mkunjo wa bomba la kupashia
anaoupita kila asubuhi,
uliofungwa blanketi la sufi,
usiopimwa na mtu.

Akaandika namba tatu. Ya nne akaikata.
Kisha akafungua wali wa Jumatatu, uliokwisha poa,
na katikati yake plamu ya chumvi ya mama yake.
Akaitafuna polepole,
jicho moja limefumba.