Mkungu wa Pili

Toa vibanio vya nywele, mama. Toa na pete.
Hata sarafu hiyo uliyoifunga kwenye pindo la kitenge:
sumaku haiulizi kama ni nauli ya kurudi Tukuyu.

Amelala. Mashine inaanza kugonga,
mvua ya mawe juu ya bati la shule,
na mimi nyuma ya kioo nasema nilivyofundishwa:
vuta pumzi. Shikilia.

Picha ya kwanza, ini lina kingo mbili,
kama mtu aliyesogea kabla mpiga picha hajamaliza kuhesabu.
Ya pili ni ukungu wa Uyole saa kumi na mbili asubuhi:
unajua nyumba zipo, huwezi kuonyesha mlango.
Na daktari Mwakalobo anataka mlango.
Uvimbe ule, upana wa punje ya kahawa,
ni maji tu, au ni jambo?

Nimekaza mkanda mbavuni,
nimepunguza vipande, nimefupisha muda,
nimemhesabia sekunde kama karani wa kura.
Ya tisa anaachia. Kila mara, ya tisa.

Nikaingia ndani. Nikamuuliza kazi yake.
Ndizi, akasema. Toka shambani hadi barabarani, Kiwira,
mikungu miwili kwa siku, siku ya gulio hata mitano.
Na unapojitwika?
Akacheka, mara ya kwanza tangu afike.
Pale mtu hapumui, mwanangu.
Unavuta, unajikaza, unainuka nao.
Ukishasimama, ndipo unatoa.

Basi sikusema tena shikilia.
Nikasema: Tusekile, mkungu huo. Jitwike.

Sekunde kumi na saba.

Ini likatulia kama mtindi kibuyuni.
Mishipa ikatokeza, mto na vijito vyake,
na maji ya mwilini mwake, yale yale
aliyoyanywa kwa kata tangu utoto,
yakageukia sumaku, yakarudi,
yakaeleza yalikokaa.

Nikauona. Sasa una mpaka,
mstari mwembamba kama ukucha wa mtoto.
Ni nini, si kazi yangu kusema.
Aliponitazama akivaa pete nilimwambia tu:
picha imetoka vizuri.
Akasema, asante, ulikuwa mzito ule wa pili.

Pembeni mwa tarakimu, kwenye daftari la vipimo,
nimeandika kwa penseli: ndizi.
Kesho ni figo, mpasua mbao kutoka Makete.
Sijui mpasua mbao
huizuia pumzi wapi.