Miezi Miwili

Fomu ilikuwa ya Kiarabu, kurasa sita,
na mama, aliyetoka Wete na mimba yangu tumboni,
Kiarabu chake ni cha salamu, bei na sala.
Basi nikasoma mimi, nikafasiri,
naye akajibu bila kuinua macho kwenye sindano.

Kipato kwa mwezi?
Andika kofia moja.
Mama, wanataka riali.
Waulize wao kofia moja ni riali ngapi!
Mimi nauza kumi na nane.
Matrah, kwenye kabati la kioo, ni hamsini na tano.
Hapo katikati sijawahi kualikwa.

Wanaokutegemea?
Akataja wanne, akasita,
akamwongeza Bi Ghaniya, jirani,
anayeazima sukari kila magharibi asirudishe.

Ujuzi unaotaka kufundishwa?
Hapo sindano ikasimama.
Vitobo elfu na ushei kwenye kitambaa cheupe,
kila kimoja kimezungushiwa uzi,
hata kipofu akipapasa atakutajia ua.
Wanifundishe nini, kutunga uzi?
Mwaka juzi walitupeleka hotelini Maskati siku tatu,
juisi ya embe, kalamu yenye jina la mfadhili,
tukafundishwa kuota ndoto kubwa.
Nikarudi na cheti.
Dukani uzi haukopeshwi kwa cheti.

Kikwazo kikuu? (Mistari minne.)
Akanyamaza. Nje, zamu ya maji ilikuwa ya shamba la pili,
tukayasikia falajini yakitupita.
Kisha akasema:
Kofia haina haraka. Mwenye haraka ni mimi.
Ikifika bili ya umeme naiuza ingali nusu,
Saif bin Hamyar anaichukua, anampa mwingine aimalize.
Naye anajua. Tarehe ishirini na saba, hakosei,
kama hedhi ya msichana mwenye afya.
Mkono wangu hauna kasoro, mwanangu.
Sina miezi miwili ya kusubiri, basi.

Nikaandika vile vile, ila la hedhi.
Ukabaki mstari mmoja mtupu.

Akaja kijana wa mfuko, Muadh,
anataka picha ya kabla, na baadaye ya baada.
Mama akamsogezea kahawa:
Kabla yangu na baada yangu ni uso huu huu,
piga hiyo kofia.
Akaacha riali mia na ishirini,
na kwenye risiti akaandika "vifaa",
kwa kuwa karatasi yao haina kisanduku cha muda.

Leo Jumatano, soko la wanawake, Ibra.
Wanaume hawaingii.
Saif ameegesha nje ya lango, kioo nusu,
amemtuma mtoto: kumi na nane.
Kofia iko nzima, imelala chini ya leso.
Mama hajaifunua.
Mtoto amekwenda, amerudi na jasho: ishirini na mbili.
Mwambie bado nafikiri.

Sijui itafika ngapi.
Sijui kama mfuko utakuwepo mwakani,
Muadh mwenyewe nilimuuliza, akatazama viatu.
Bi Ghaniya amenunua sukari, nimemwona kwa macho yangu.
Jua limepanda, mama anachota halua kwa kidole,
anailamba taratibu,
na huko langoni injini inanguruma,
inazimwa,
inawashwa tena.