Kilo Mbili za Maji

Insha imerudi. Mwalimu Ambokile hakutoa alama.
Ameandika pembeni, kwa kalamu ya kijani:
"Tupokigwe, kisa unacho. Maneno yanakikaba.
Kisome kwa sauti, utasikia pa kukata."

Tukuyu inanyesha tangu Jumanne.
Bati linaongea kunishinda.
Nimevuta kigoda karibu na jiko la mkaa
nikaanza kusoma, msikilizaji wangu paka wa jirani:

"Ilikuwa siku ya Jumatatu, tulivu na yenye kupendeza,
ambapo jua liliangaza kwa miale yake ya dhahabu…"

Nikasita. Jua gani?
Mwezi wa nne, njia ya Katumba, jua?
Tulitoka nyumbani ukungu ukiwa magotini,
kikapu cha majani mabichi mgongoni kwa baba,
maji yakimchuruzika hadi kwenye visigino.
Nikafuta jua. Miale ikafuata yenyewe.

Ukurasa wa pili nimesema "kwa kweli" mara tisa,
kama shahidi anayejua hataaminiwa.
Nimezing'oa kama unavyong'oa magugu kwenye michai,
polepole, usije ukaondoka na mzizi usio wake.

"Hivyo basi." "Baada ya hapo ndipo."
Nilikuwa namjengea msomaji madaraja.
Sisi siku ile tuliruka mifereji minne
na hakuna aliyetuwekea hata gogo.

"Machozi yalinitiririka mithili ya mto Kiwira."
Hapa nikampigia dada Subilaga, yuko Uyole.
Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
"Wewe? Ulie? Ulikuwa unatafuna muwa."

Muwa. Nilikuwa nimeusahau kabisa.
Nimeufukuza Kiwira, nimeuingiza muwa,
na aya iliyokuwa inachechemea miezi miwili
ikasimama, ikatembea.

Kisha banda la kupimia.
"Baba yangu alikuwa shujaa, mvumilivu,
mwenye busara na hekima tele."
Busara na hekima ni mapacha, zimeondoka pamoja.
Shujaa naye nimemsindikiza mlangoni.
Nimebakiza mkono wa baba
ulioshika ukingo wa kikapu hata kilipokwisha kutundikwa,
kana kwamba mizani ingekimbia nacho.

Karani akasoma: kumi na tisa.
Akatoa mbili za maji, akatoa moja ya kikapu,
akaandika kumi na sita
bila kuinua kichwa.

Hapo kalamu ikanishinda.
Tangu saa mbili usiku nafanya nini mimi?
Natoa maji. Naandika pungufu.
Shingo inauma, maana nami sijainua kichwa.

Baba alisema, "Ndaga. Ndaga. Ndaga."
Shukrani ya kwetu, mara tatu.
Chini yake Mwalimu amepiga mstari: "Marudio. Moja yatosha."
Nikakata mbili, nikasoma tena.
Baba anapokea karatasi, anashukuru, anaondoka
kama mtu aliyelipwa.

Sivyo.
Ndaga ya kwanza alimpa karani.
Ya pili aliitoa karatasi ikiwa tayari mfukoni
na karani akiwa ameshamwita mwingine.
Ya tatu aliisemea nje, mvuani,
kikapu kitupu kichwani kama kofia,
na hapakuwa na mtu wa kushukuriwa,
ni mimi tu na muwa wangu.

Nimezirudisha zote.
Pembeni, kwa penseli, nimemjibu Mwalimu:
"Hizi zipimwe na maji yake."

Mkaa umekuwa majivu, paka amelala.
Nimehesabu: kurasa nne, na jina la baba halimo.
Siku ile lilikuwa juu ya karatasi ya karani,
nalo likiwa na herufi pungufu.
Nimerudi mstari wa kwanza, pale jua lilipokuwa,
nimeandika Anyosisye,
nikalisoma herufi kwa herufi
kabla ya kuweka nukta.