Kitabu cha Adhabu

Kina safu tano, nilizipiga mwenyewe kwa rula:
tarehe, jina, kosa, viboko, sahihi.
Jalada limefura kwa unyevu, maana huku Tukuyu
hata chumvi hulia ndani ya kopo.

Lusekelo Mwaisaka. Kamng'ata Anyisile sikio. Viwili.
Lusekelo Mwaisaka. Kapindua dawati. Vinne.
Lusekelo tena: kaingia chini ya meza yangu, katukana, kajikojolea.
Hapo niliandika vitatu, mkono ukitetemeka,
nikasema ni baridi.

Kwa Kinyakyusa jina lake ni furaha.
Wenzake wanamwita Mashine.

Jumamosi nilipanda hadi kwao, juu ya mashamba ya chai,
nimekikumbatia kitabu kama mdai na hati yake.
Mama yake alikuwa anamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu.
Hakusimama.

"Alitanguliza miguu, mwalimu.
Usiku kucha, bodaboda imekwama matopeni.
Alipotoka hakulia. Rangi yake ilikuwa ya ua la kiazi.
Nesi akampulizia, akamgeuza, akampulizia.
Mimi nilikuwa nahesabu. Nilifika mia mbili ndipo akakohoa.
Daktari wa Rufaa, kule Mbeya, anasema ubongo ulikaa bila hewa,
ndiyo maana breki zake hazishiki."

Nikashusha pumzi. Jibu nimelipata. Nikainuka.
Yeye akachukua ndizi nyingine.

"Halafu kuna baba yake.
Yule alikuwa anangoja mvua.
Bati likianza kunguruma, jirani hasikii kitu.
Mtoto alikuwa chini ya kitanda.
Ameshakwenda Chunya kwenye dhahabu, mwaka wa pili sasa.
Bati lipo."

Usiku, kwa tochi ya simu, nikasoma safu ya kwanza,
ile isiyosomwa na mtu.
Tarehe nane Machi. Tisa Machi. Aprili, karibu yote.
Septemba nzima, kosa moja tu: hakutulia mstarini.
Miaka miwili nimeandika daftari la mvua
bila kujua, tena kwa mwandiko mzuri,
na kila mstari nimeutia sahihi.

Sijui kipi kilimng'ata kwanza,
hewa iliyochelewa au mkono uliowahi.
Daktari ametaja kimoja, mama ametaja viwili.
Mwili wa mtoto hautaji. Unapindua dawati.

Leo saa nne mawingu yameshuka kutoka Rungwe.
Tone la kwanza, la pili, kisha darasa zima ngoma.
Nimeingia chini ya meza kabla yake,
na magoti yangu haya mabovu.
Watoto arobaini na saba wamenyamaza.
Amekuja. Ameniuma hapa, chini ya kiwiko,
halafu meno ameyaacha palepale, hayakazi tena,
mpaka mvua ilipohamia Kiwira.

Nimeandika tarehe. Nimeandika jina.
Kwenye kosa nimeandika: mvua.
Mwalimu Mkuu atauliza viboko viko wapi.
Bado nawaza nitamwambia nini.